Jina la Mtoto wa Sikudhani

Hapo zamani, si ile ya mazimwi, zamani ya juzi tu, palikuwa na mwanamke aitwaye Sikudhani. Mimba zake mbili za mwanzo zilikuwa zimeharibika. Ya tatu ikakaa, ikaja na hamu ya kula udongo. Wanawake mnanielewa, wanaume tulieni kidogo. Kila siku alinunua udongo wa kula kwa Bi Chausiku pale sokoni, akautafuna kama karanga.

Katika nyumba hiyo aliishi pia wifi yake, Mwantumu. Mwantumu hakuupenda ule udongo. Hakusoma popote kwamba ni mbaya, moyo wake tu ulikataa. Akauiba, akautupa chooni. Sikudhani akanunua mwingine, Mwantumu akautupa. Akanunua tena, ukatupwa tena. Mawifi wakanuniana miezi miwili, hata chumvi hawaombani, na mtaa mzima ukasema Mwantumu ana wivu kwa kuwa hana mtoto.

Siku hizo chuo kikuu cha mji huo kilikuwa na mkemia, Dokta Tunu. Kazi yake ilikuwa kupima madini mazito yenye sumu yaliyojificha kwenye maji, mboga na udongo. Aliwaomba wauzaji wa sokoni wamletee bidhaa zao azipime. Wauzaji wa udongo walikuwa saba, na sita wakaficha mali yao. Bi Chausiku, aliyesomesha wanawe wote kwa biashara hiyo, alifunga vipande vitatu kwenye gazeti akampelekea.

"Mwanangu," alimwambia, "wanaokula huu ni wajawazito. Kama una ubaya, niambie."

Dokta Tunu akapima. Mashine ikaonyesha risasi, madini yale yanayotiwa kwenye betri za magari, ambayo huharibu ubongo wa mtoto angali tumboni. Ilikuwa nyingi hata akashuku kwamba chupa zake ni chafu. Akaziosha kwa asidi, akapima upya. Risasi. Akatafuta chupa mpya kabisa, akapima mara ya tatu. Risasi. Wiki tatu zikaisha akihakikisha, na wiki hizo zote udongo uliendelea kuliwa. Ndipo akaenda sokoni mwenyewe na majibu.

Bi Chausiku aliposikia, alilia. Kisha akafukia magunia yake yote, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wateja wake waache, akaanza na Sikudhani. Sikudhani akaacha siku ile ile.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Dokta Tunu akapima damu ya kitovu, akakuta risasi ni kidogo sana, si ya kutisha. Alhamdulillahi. Nyumba ikajaa vigelegele.

Siku ya saba, siku ya kumpa mtoto jina, Sikudhani akawaita wote watatu. Akawaambia kwamba shukrani zake hawezi kuzimaliza kwa maneno, ila mtoto ni mmoja na jina ni moja. Mtoto ataitwa jina la aliyemwokoa.

Mwantumu akasema, "Mimi nilimlinda kabla ya mashine yoyote. Nimeitwa mwizi, nimeitwa mwenye wivu, nikavumilia. Apewe jina langu, maana huenda nisizae wangu."

Dokta Tunu akasema, "Wifi yako alitupa, nawe ukanunua tena. Ulipoletewa kipimo ndipo ulipoacha. Nilichelewa wiki tatu, nakiri. Lakini ningesema upesi nikakosea, nani angeniamini tena?"

Bi Chausiku naye akaulizwa. "Mimi ndiye niliyemlisha," akasema. "Ningeweza kuficha kama wenzangu, na hakuna ambaye angejua. Sasa sokoni sina cha kunadi. Sidai kitu, ila nikipewa jina nitashukuru mpaka kaburini."

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka, maana wote aliwapenda. Wembe wa kumnyolea mtoto ulikuwa tayari, ubani unafuka, watu wanangoja jina.

Basi nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mimi nilialikwa kula pilau tu. Mmoja alitupa bila kujua, mmoja alijua akachelewa, mmoja alilisha kisha akatoa mali yake ipimwe. Mngekuwa nyinyi ndio mama, mtoto mmempakata, je, mngemwita nani?