Kibao cha Mwalimu Malemba

Aliyenitumia hadithi hii hakuniambia aliipata wapi, na mimi sikumuuliza. Ilinikaa rohoni siku mbili nzima. Isome taratibu, na kama una mzazi aliye hai, kaa karibu naye umsomee.

Katika mji wa Voi aliishi mzee mmoja aliyeitwa Malemba, mwalimu mkuu mstaafu. Kiingereza chake kilisifika mji mzima. Watu walisema ukimsikia bila kumwona utaanza kutafuta mzungu amesimama wapi, na sifa hiyo ilimnogea kuliko chakula. Vikongwe wa kwao walioshuka kutoka milima ya Taita kumletea viazi vitamu walijibiwa salamu zao kwa Kiingereza. Walicheka kwa adabu, wakatazama miguu yao, wakaondoka.

Sebuleni kwake, kando ya picha ya harusi, kilining'inia kibao cha mti, kipana kama kiganja, kimetobolewa tundu na kutiwa kamba. Kilitoka shule ya misheni aliyosoma utotoni. Siku hizo mtoto akisikika akisema Kidawida, lugha ya Wataita, alivikwa kibao hicho shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake kwa kosa lilelile amvishe yeye. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Malemba alikivaa mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Alichapwa viboko sita, na kuanzia siku hiyo akawa mtoto wa Kiingereza.

Uhuru ulipokuja, mzungu mkuu wa shule alifunga virago. Alichukua saa yake, kofia yake na mbwa wake. Kibao alikiacha juu ya meza. Malemba, ambaye sasa alikuwa mwalimu kijana palepale, akakichukua. Hakuna aliyempa wala aliyemwagiza. Alikichukua mwenyewe, akaenda nacho nyumbani.

Hakuwa mtu wa fimbo, kwa hiyo kanuni aliibadilisha kidogo. Nyumbani kwake palizungumzwa Kiingereza, na Kiswahili kwa ajili ya wageni. Aliyeteleza akasema Kidawida alivaa kibao, na mwenye kibao hakula mezani. Alikwenda kula jikoni peke yake.

Aliyekivaa zaidi ya wote ni mkewe, Wakesho. Mama wa watu alizaliwa na kukulia mlimani, na Kidawida kilimtoka akiungua kidole, akicheka, akimbembeleza mtoto. Alikula milo mingi kwenye kigoda, mbele ya jiko.

Binti yao, Doroti, alipokuwa mdogo aliwahi kuuliza, "Mama, mbona huli na sisi?"

Malemba alijibu kwa niaba yake. "Mama yako anajifunza."

Na kweli alijifunza. Alijifunza kunyamaza. Miaka ikaenda, akawa mtu wa ndiyo na hapana, na kibao kikakaa ukutani bila kazi. Siku ya mazishi yake watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumsifu kuwa mama mpole, asiye na maneno mengi. Malemba aliitikia kwa kichwa. Naye alikuwa akiamini hivyo.

Miaka mitano baadaye kiharusi kilimwangusha akiwa ananyoa ndevu. Kiliondoka na mkono wa kulia na maneno yote. Doroti alihamia kwa baba yake pamoja na mumewe na watoto ili kumuuguza. Baada ya wiki kadhaa ulimi wa mzee ukaanza kufunguka, lakini kilichorudi hakikuwa Kiingereza, wala Kiswahili. Kilirudi Kidawida, kile cha mtoto wa miaka tisa, kizimakizima. Maneno ya watu wa nyumbani mwake aliyasikia kama redio ya jirani: sauti ipo, maneno hayashikiki.

Utasema, binti yake hakutambua? Hakutambua. Mdomo wa mzee ulikuwa umepinda, maneno yakatoka yamelegea, na daktari alikuwa ameshasema kwamba wagonjwa wa namna hiyo huweza kutoa sauti zisizo na maana. Tena maisha yake yote Doroti hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno moja la Kidawida. Angekubali upesi zaidi kwamba anasema Kichina.

Kitanda cha mzee kilielekea dirisha la magharibi. Kila siku ikifika saa kumi jua lilimwingia machoni kama pilipili. Aliomba afungiwe pazia. Aliomba kwa upole, akaomba kwa ukali, akaonyesha dirisha kwa mkono wa kushoto.

"Baba anapenda kutazama nje," Doroti alimwambia mumewe. Akalifungua pazia zaidi. Mwishowe akalitoa kabisa, akalifua, akalikunja kabatini.

Mzee akalia. Doroti akamfuta macho kwa kitambaa. "Usijali, Baba. Jua ni zuri kwa mifupa."

Akaletwa mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kusema, msichana nadhifu mwenye kadi za picha. Alimwonyesha mzee picha ya paka na kumsemesha kwa Kiingereza kile ambacho mzee mwenyewe alikifundisha nusu ya wilaya.

"Huyo ni paka, binti yangu," mzee alimjibu kwa Kidawida. "Hata mtoto anayetambaa anajua."

Msichana akaandika kwenye daftari lake: hajibu.

Wakati wa chakula Doroti alimlisha kwanza, kisha akaenda kula na wenzake. Mzee alilala akisikiliza vijiko na vicheko kutoka sebuleni. Hapo ndipo alipomkumbuka Wakesho kwenye kigoda chake, mgongo ameupa mlango, akisikiliza vijiko hivihivi. Zaidi ya miaka hamsini, kwanza kigoda, kisha kunyamaza! Yeye alikuwa na miezi minne tu na tayari alitamani kufa. Mkewe hakuwa mpole. Alikuwa amezibwa mdomo, na aliyemziba ndiye aliyesimama kaburini akiitikia kwa kichwa. Jambo hilo lilimuuma Malemba kuliko mkono uliokufa, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mvua za masika zilipokaribia, Doroti alimwita fundi wa mabati, Mwadime, mtu wa mlimani, aje kuziba paa linalovuja. Siku ya kwanza, saa kumi, fundi alikuwa juu ya chumba cha mzee akigonga misumari. Nyundo ikanyamaza. Chini yake mtu alikuwa akiomba, kwa sauti iliyochoka, afungiwe pazia.

Mwadime akajibu kwa Kidawida kutoka juu ya paa. "Ngoja, Mzee. Nashuka."

Malemba aliganda. Tangu augue, hakuna mtu aliyemjibu. Mara kichwa cha fundi kikatokea dirishani, kimejaa vumbi, na mzee akaanza kusema. Alisema mpaka mate yakamtoka. Fundi alisikiliza, kisha akavua kofia na kuzunguka hadi mlango wa jikoni.

"Dada, samahani. Mzee anaomba pazia."

"Pazia gani?"

"La dirisha lake. Jua linamchoma macho. Anasema amekuomba tangu mvua za vuli."

Doroti akacheka kidogo. "Fundi, baba hasemi. Anatoa sauti tu."

"Anasema, dada. Kidawida safi kabisa, kile cha wazee. Mimi mwenyewe kwake ni mwanafunzi."

Doroti akaweka sufuria chini. "Na nini kingine anasema?"

Mwadime akaipindapinda kofia mkononi.

"Anamwita mtu, Wakesho. Anamwomba arudi mezani."

Doroti alitafuta mahali pa kukaa, na kilichokuwa karibu ni kigoda cha mama yake. Akakikalia. Kisha akaenda kabatini, akatoa pazia, akalitundika. Chumba kikapoa. Mzee akafumbua macho na kumtazama, akingoja. Doroti akafungua mdomo, akaona hana kitu. Mwanamke mwenye miaka hamsini na shahada mbili, hakuwa na neno hata moja la kumpa baba yake.

Akatoka nje mbio. "Fundi, paa hili ni la siku ngapi?"

"Tatu hivi."

"Basi kila ukinywa chai, nifundishe."

Mwadime akamfundisha. Umekula. Una kiu. Niko hapa. Ulimi wa Doroti ulikwamakwama, na watoto wake walimcheka kutoka dirishani, lakini hakuacha. Asubuhi ya siku ya tatu aliomba sentensi mbili tatu za kumwambia mzee, kisha neno moja zaidi. "Mtu akiomba msamaha, anasemaje?" Fundi akamwambia.

Mchana huo chakula kilipowekwa mezani, Doroti hakuketi. Alikwenda ukutani, akakitoa kibao kwenye msumari.

"Unakipeleka wapi hicho?" mumewe akamuuliza.

"Nimevunja sheria ya nyumba hii," akasema. Akachukua sahani yake, akaenda chumbani kwa baba yake.

Malemba alimwona akiingia, akaona kamba na mti uleule. Akaelewa kwamba sasa wameshajua ni Kidawida anachosema. Kwa taabu akainua kichwa kutoka kwenye mto, akafumba macho, akainamisha shingo ili avishwe, kama alivyofanya akiwa na miaka tisa.

Akangoja. Hakuna kitu kilichomgusa. Alipofumbua macho, kibao kilikuwa kimening'inia kifuani mwa binti yake.

"Baba," Doroti akasema kwa Kidawida cha kuokoteza, "nimesema lugha yetu. Mwenye kibao hali mezani. Nitakula hapa."

Mzee alimtazama, kisha akakitazama kile kibao. Akajikokota kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, mpaka ubavu wake ukagusa ukuta, kitandani pakabaki nafasi ya mtu mmoja kukaa. Doroti akakaa.

Halafu mzee akasema jambo refu. Alisema muda wote chakula kikipoa, machozi yakimtiririka. Doroti alikuwa akiitikia, lakini katika yote hayo alishika maneno mawili tu: jina la mama yake, na lile neno alilofundishwa asubuhi. Mengine yote yalimpita, na aliyepaswa kuyasikia alikuwa kaburini mwaka wa sita sasa.

Funzo: Aliyetufundisha kujionea aibu alishafunga virago zamani akarudi kwao, kibao kimebaki mikononi mwetu, na tunawavisha tunaowapenda. Kitoe ukutani leo, wakati yule anayekula peke yake kwa ajili yako bado anaweza kukusikia ukimwita mezani.