Mpira wa Kwemafumbi Kabla Haujakauka

Hapo zamani, magoli ya uwanja wa Kwemafumbi yalipokuwa bado ya miti ya mkaratusi, timu ya Katani ilitoka bondeni ikapanda mlima kwenda kucheza na timu ya Chai. Wachezaji walipanda kwa lori. Nyuma yao, kwa miguu, walipanda mashabiki. Walikuwa watatu tu, maana wengine waliitazama mvua wakarudi ndani.

Wa kwanza alikuwa Shekalaghe, mnadi wa mitumba gulioni, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Wa pili alikuwa Mama Semhando, muuza mihogo ya kukaanga, ambaye hakuwahi kukosa mechi ya ugenini. Wa tatu alikuwa Mbonea, fundi cherehani. Yeye ndiye aliyezishona jezi za timu, na hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza.

Walipofika, wingu lilikuwa limelala juu ya nyasi kana kwamba nalo limekuja kutazama mechi. Upande mmoja wa uwanja palikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye udongo wa mlima. Wenyeji waliketi humo, kila mtu kwenye ngazi yake, kimya, chini ya miavuli. Upande wa pili hapakuwa na kitu. Uwanja uliishia hapo, mlima ukateremka moja kwa moja hadi kwenye mashamba ya chai.

Katibu wa uwanja, dada mmoja aitwaye Mwantumu, aliwaletea chai ya moto katika vikombe vya bati.

"Karibuni, watu wa joto."

"Ahsante, watu wa baridi," akajibu Mama Semhando. "Leo tunawafunga, mpate kutokwa jasho."

Wenyeji wakacheka chini ya miavuli yao.

Katani ilitaka ushindi, si kingine. Sare ingewapeleka Chai fainali ya wilaya, na Katani ingesubiri mwaka mzima.

Kwa desturi ya pale, mashabiki wageni husimama nyuma ya goli ambalo timu yao inalishambulia. Basi wakasimama hapo. Kabla ya mapumziko, mshambuliaji wa Katani, kijana Kihiyo, alipiga shuti. Wavu ukatikisika. Filimbi ikalia: goli! Shekalaghe akaruka. Mama Semhando akaruka. Mbonea hakuruka. Alinyoosha mkono.

"Mwamuzi, haukuingia. Umepita nje ya mlingoti, ukaingilia tundu la wavu. Tundu hili hapa, mkono wangu unapita."

Mwamuzi akaja, akatia mkono wake, ukapita. Akalifuta goli.

"We binti!" akafoka Shekalaghe. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, kaka. Nimeona."

"Kuona kwako kusitufuate tena," alisema Mama Semhando. "Hii ndiyo safari yako ya kwanza na ya mwisho pamoja nasi. Umesikia?"

Mbonea alisikia. Akasogea hatua tatu kando yao, akasimama peke yake.

Kipindi cha pili wakahamia nyuma ya goli lile jingine, na wingu likashuka lote. Wachezaji walionekana kuanzia magotini kwenda chini, kisha hata magoti yakapotea. Uwanja ukabaki sauti: kishindo cha viatu, mtu akiita "Nipe! Nipe!", mtu mwingine akijibu kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ilikuwa kama kusikiliza mechi inayochezwa ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Lakini Kwemafumbi ukungu hausimamishi mechi. Kinachosimamisha mechi ni kitu kimoja: mpira ukipotea kwenye chai usirudi mpaka mwamuzi ahesabu mia mbili, mchezo umekwisha.

Mpira ukapotea kwenye chai.

Mwamuzi akaanza kuhesabu. Mama Semhando hakumngoja afike kumi. Alikusanya khanga zake, akaketi ukingoni, akateremka kwa makalio, ukungu ukammeza. Sabini. Mia. Mia na hamsini. Wenyeji walihesabu pamoja na mwamuzi, polepole, kwa sauti tamu kama wanabembeleza mtoto. Ilipofika mia na tisini na moja, mpira ukatokea kwanza, kisha mikono, kisha Mama Semhando, mguu mmoja una kiatu, mwingine unatoka damu.

"Endeleeni," alisema, akikosa pumzi. "Kiatu kimebaki huko. Nacho sasa ni mwanachama wa Chai."

Zikabaki dakika chache. Kihiyo akaupata mpira, akasimama. Hakujua goli liko wapi. Kila upande ulikuwa mweupe. Ndipo Shekalaghe akajaza kifua, akanadi kama hajawahi kunadi gulioni:

"Goli hapa! Goli hapa! Bei ya kutupa! Goli hapa, Kihiyo, hapaa!"

Neno la mwisho likamkatikia kooni. Kihiyo akaifuata ile sauti kwa shuti.

Mpira ukafika nyuma ya goli, maana wavu wa huku nao ulikuwa na matundu. Lakini ulipita wapi? Kipa wa Chai akasema nje. Kihiyo akasema ndani, naye hakuona hata miguu yake. Mwamuzi akatokea katika ukungu, akampita Mama Semhando, akampita Shekalaghe, akasimama mbele ya Mbonea, aliyekuwa karibu kabisa na mlingoti.

"Wewe wa tundu. Umeingia?"

"Umeingia. Kiganja kimoja ndani ya mlingoti wa kushoto."

Kipa wa Chai akavua glavu. "Kama kasema huyu, basi."

Filimbi ikalia, kisha ikalia tena ya mwisho. Katani moja, Chai bila.

Mwantumu akaja na ule mpira, umelowa, ameubeba kwa mikono miwili.

"Wageni wakishinda hapa, mpira ni wa shabiki wao mmoja. Atakayeuchukua ndiye atakayetangulia mbele ya timu kila mechi mpaka msimu uishe, na hakuna wa kumrudisha nyumbani. Mtajeni nyinyi watatu, mkubaliane jina moja. Lakini mtajeni kabla mpira haujakauka. Ukikauka, unabaki kwetu."

Mbonea akautazama ule mpira. Alijua asipoupata, hatapanda tena na watu hawa.

"Ni wangu," alisema Mama Semhando. "Pasingekuwa na mpira, huyu angepiga kelele kwenye ukungu kama mwehu."

Shekalaghe alijibu kwa mnong'ono, maana sauti haikuwapo. "Ungeleta mpira, ukapigwa tena kwenye chai. Mimi ndiye niliyemwonyesha Kihiyo njia. Keshokutwa ni gulio, mama. Nitanadi kwa vidole?"

"Bila neno langu," Mbonea alisema, "goli lenu lingekuwa hewa."

"Neno lako?" Mama Semhando akamgeukia. "Ulitunyima moja, ukatupa moja. Umebaki na sifuri, mwanangu."

"La kwanza halikuwa letu, shangazi."

"Ungenyamaza tungeshinda mapema," Shekalaghe akanong'ona. "Mama asingeumia mguu. Nami ningekuwa na koo langu."

"Na ningenyamaza, mwamuzi angeniuliza mimi kwa sababu gani?"

Ukungu ukaanza kufunguka, jua likagusa ngazi za udongo, kisha nyasi, kisha mikono ya Mwantumu. Juu ya mpira pakatokea doa kavu, dogo kama kifungo cha shati. Likawa kama kiganja. Likawa kama sahani.

"Jina," alisema Mwantumu.

Mmoja aliurudisha mpira. Mmoja aliuonyesha njia. Mmoja aliaminiwa. Nanyi mnaonisikiliza, semeni upesi, upande wa chini tu ndio bado una maji: je, nani alistahili kushuka nao mlimani?