Klasi Iliyokosekana Kwenye Orodha

Hapo zamani, si ile ya mababu bali ya juzijuzi tu, hospitali moja ya milimani Upareni iliacha makaratasi ikaingia kwenye kompyuta. Mganga mkuu akapiga marufuku madaftari ya wauguzi, maana daftari moja lilikuwa limepotea na siri za wagonjwa zikasomwa sokoni.

Muuguzi Namsifu alisikia, akaitikia, akaendelea kuandika lake kimyakimya.

Asubuhi moja akaletwa mama mjamzito, Nakijwa, kifua kimembana. Daktari akatazama skrini, akaagiza sindano ya penisilini.

"Ngoja, daktari!" Namsifu akadakia. "Dawa hiyo nusura imuue mwaka jana. Niliingiza mwenyewe kwenye kompyuta."

"Kompyuta haina kitu, sista."

"Daftari langu linacho."

Akalitoa mbele ya watu. Nakijwa akapewa dawa nyingine, akapona. Namsifu akapewa barua ya onyo.

Wakubwa wakasema wauguzi ni wavivu, hawakuingiza taarifa. Kiangi, fundi wa kompyuta wa hospitali, hakukubali. Akaingiza mzio wa mgonjwa wa kubuni, yaani dawa inayomdhuru: upo. Akazima mashine, akawasha: haupo. Akafuatilia siku tatu.

Programu ile iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, na kila aina ya taarifa ilikuwa na klasi yake, yaani kipande cha programu kinachoishughulikia: ya mgonjwa, ya dawa, ya mzio. Kabla ya kuanza kazi, kila klasi ilipaswa kupitishwa kwenye zana inayoiongezea uwezo, ili kila badiliko litambuliwe na kuhifadhiwa. Klasi za kupitishwa ziliorodheshwa kwenye faili la mipangilio. Kiangi akasoma orodha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Klasi ya mzio haikuwemo. Akaongeza mstari mmoja tu, na taarifa hazikupotea tena.

Aliyeandaa faili lile aliitwa Mbonea, mwandishi wa programu mjini Moshi. Kiangi akamjulisha. Faili hilohilo alikuwa amelipeleka hospitali nyingine tano.

"Tutalirekebisha polepole," bosi wake akamwambia. "Nani atajua?"

Mbonea akapiga simu zote tano siku ileile. "Ni mimi niliyesahau. Msiiamini skrini. Waulizeni wagonjwa upya." Katika hospitali mojawapo, mzee mmoja alitolewa kwenye foleni ya sindano ambayo ingemuua. Mbonea akafukuzwa kazi.

Mwaka ule bodi ya hospitali ilikuwa na nafasi moja ya masomo, ya kumtuza aliyeokoa maisha.

Namsifu akasema, "Wote mliamini mashine. Mimi nilimwamini mgonjwa."

Kiangi akasema, "Daftari lilimwokoa mmoja. Mimi nimewaokoa wote watakaokuja, na wauguzi nimewasafishia jina."

Mbonea hakuomba. Aliyesimama kumsemea ni Nakijwa, mtoto mgongoni.

"Kosa lake lilikaribia kuniua," akasema, "na bado sijui kama nimemsamehe. Lakini Sista Namsifu alipewa barua tu. Kiangi hakupoteza kitu. Huyu alisema ukweli huku akijua utamla."

Wajumbe wakagawanyika.

Nafasi ni moja, nanyi mmesikia yote. Daftari lililokatazwa, mstari uliopatikana, au simu tano za mkosaji: je, nani alistahili?