Nondo Alipomwita Bundi Kaka

Hapo kale, wajukuu zangu, kuku alipokuwa na meno na nyoka akivaa viatu, palikuwa na mdudu Nondo asiye na ndugu. Mnasikia? Hata binamu hakuwa naye.

Usiku mmoja akamwona Bundi juu ya paa la Bi Kazija. Akamtazama, akajitazama. Manyoya? Ninayo. Kuruka bila kelele? Naruka. Macho makubwa? Yangu yamechorwa mbawani. Basi huyu ni ndugu yangu.

"Shikamoo, kaka."

Bundi akageuza kichwa, kikazunguka, kikazunguka, kikakaribia kurudi kilikotoka. "Marahaba. Mimi hula panya. Wewe unakula nini?"

"Utotoni nilikula kanzu."

"Kanzu?"

"Ya kadhi. Nilianzia mkono wa kulia."

"Sina ndugu mla kanzu. Ondoka kabla sijakumeza."

Nondo akaondoka, maskini, moyo mzito kuliko mwili. Na mwili wake mnaujua, ganda la karanga linaushinda.

Mara panya akapenya dirishani. Bundi nyuma yake, puu, mpaka jikoni. Bi Kazija alikuwa akikoroga mbaazi. Akafunga dirisha, akashika mchi.

"Bundi kwangu? Leo utanieleza unamlilia nani."

Kibatari kikamwakia Bundi machoni. Mlango u wazi, lakini hauoni. Anagonga ukuta, anagonga kinu, anagonga ukuta tena.

Nondo akasikia. Akaogopa, maana yeye anaupenda moto, ila moto haumpendi. Lakini akajiambia: kaka ni kaka, hata akikukana. Akaingia, akajitupa kwenye kibatari, pu, pu, pu, kikazimika.

Mchi ukashuka. Ulimpiga nani? Chungu. Bi Kazija akasimama gizani, mbaazi zikimchuruzika usoni, akiuliza, "Nimemuua?"

Gizani, watoto, Bundi ndiye mwenye nyumba. Akaona mlango, akamdaka Nondo kwa mdomo, akatoka. Nondo akajua ndiyo basi, ameliwa. Akafumba macho yote, ya usoni. Ya mbawani hayafumbiki.

Juu ya paa Bundi akamtema taratibu.

"Ndevu zako zimeungua."

"Mmoja tu, kaka."

Bundi akainua bawa. "Sogea huku, mdogo wangu. Huko kuna upepo."

Ndiyo maana wahenga walisema ndugu ni kufaana, si kufanana.

Hadithi imefika mlangoni, mimi siisindikizi tena. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nimezoea dawa.