Njia Iliyogoma Kuota Nyasi

Njia ya wawili haioti nyasi kwa kifo cha mmoja.

Mmeisikia leo makaburini, Naelijwa alipoisema baada ya kaburi kufunikwa, nami nikawaona mkitazamana. Mmezoea kuisikia na kuisema, lakini hamjui ilikotoka. Haya, vuteni huo ungo karibu mchambue maharage ya wageni. Mikono ikiwa na kazi masikio husikia vizuri. Huyu tuliyemzika leo, Namkunda, ndiye aliyeitoa kinywani mwake. Nayo ilianza siku moja ya gulio, siku ambayo rafiki yake Nakijwa, mama yake Naelijwa, hakufika jiweni.

Asubuhi hiyo Namkunda alifika mapema, kikapu cha ndizi mbivu kichwani na fyekeo begani. Jiwe lenyewe mnalijua, lile pana lililolala mgongoni mwa mlima, upande huu Kivundo yetu, upande ule Mkongea. Akakaa akasikiliza. Nakijwa alikuwa mtu wa kusikika kabla ya kuonekana. Akipanda huimba, na pumzi zikimwishia huutukana mlima kama mtu anayemtukana punda mkaidi. Siku hiyo mlima ulikaa bila kutukanwa. Jua likapanda, nyuki wakazijia ndizi. Jua lilipopinda, Namkunda aliacha ndizi mbili juu ya jiwe, akarudi nyumbani.

"Mama Naelijwa leo hakuja," alimwambia mwanawe Mbonea.

"Labda amepata mgeni."

"Labda," akasema, akakisogeza chakula kando.

Habari aliileta muuza vyungu wa Mkongea. Nakijwa alishikwa na homa ya ghafla, akafa siku ile ile ya gulio, akazikwa kesho yake. Hakuna aliyetumwa Kivundo. Wanaopelekewa habari ni ndugu, na Namkunda hakuwa ndugu.

Alikuwa nani basi? Wale wawili walizaliwa hapa hapa Kivundo, wakateka maji kisima kimoja, wakachezwa ngoma siku moja. Namkunda akaolewa hapa. Nakijwa akaolewa Mkongea, nyuma ya mlima. Siku ya kuagana hawakulia. Nakijwa aliutazama mlima, akasema, "Mlima ni mmoja, tugawane." Wakaugawana kweli. Kila siku ya gulio kila mmoja angepanda nusu yake, akiifyeka anapopita, wakutane jiweni. Siku ya gulio ndiyo waliyoichagua, kwa sababu siku hiyo hakuna anayemuuliza mwanamke anakwenda wapi.

Jiweni walikula, wakapeana habari za kuku walioangua na waume wanaokoroma, kisha wakaenda matembezi. Pengine waliteremka gulio la huku, pengine la kule, pengine walikwenda tu kutazama ng'ambo. Mara moja walishuka mpaka tambarare kuona gari moshi. Wakakaa stesheni mchana kutwa wakila viazi vya kuchemsha. Mkuu wa stesheni akawajia na kofia yake.

"Nyinyi kina mama mnasafiri kwenda wapi?"

"Sisi hatusafiri, baba," Nakijwa akamjibu. "Tumekuja kuwasindikiza wengine."

"Wengine nani?"

"Wowote watakaopanda."

Neno hilo waliliishi miaka. Ukiwauliza wanakwenda wapi walisema, "Tunasindikiza."

Sasa mtu huyo amekufa, na mwenzake amesikia kwa muuza vyungu. Namkunda alichukua kanga na fyekeo akapanda mlima. Alipofika jiweni hakukaa. Akavuka, akaanza kuteremka nusu isiyo yake. Nyasi zilikuwa zimeshafika kwenye kifundo cha mguu. Akainama, akafyeka mpaka chini.

Njia ile huishia katika ua wa nyumba ya Nakijwa, na kabla ya ua hupita katikati ya shamba la tangawizi la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, jina lake Kalage. Kalage ndiye aliyempokea.

"Umechelewa, Mama Mbonea. Matanga yameondolewa jana. Waliohusika wamekwisha kukaa."

"Na mimi ndiyo nakaa," Namkunda akasema. Akatandika kanga juu ya udongo katikati ya ua, akakaa peke yake mpaka jua lilipotua. Watu walimpita kama wanavyopita kisiki. Hapo akanyanyuka, akakung'uta kanga, akasema, "Gulio lijalo nitakuja."

Akaja. Na lililofuata akaja. Kalage alivumilia kidogo, kisha akachoka. Njia ile ilimgawia shamba vipande viwili, na tangawizi siku hizo ilikuwa inapendwa. Alikuwa ameihesabu njia ile kuwa yake tangu siku ya mazishi. Basi Namkunda alipoteremka siku moja alikuta masale yamepandwa mstari, kukata njia, hatua chache kabla ya ua.

Isale nyinyi mnalijua, jani refu la mpakani. Zamani halikuchezewa. Isale haling'olewi ila na aliyelipanda, wala mgeni halivuki wala halizunguki. Namkunda alikuwa amelelewa, akasimama.

"Sasa umefika mwisho," Kalage akamwambia kutoka upande wa pili. "Njia hii mwenyewe amekufa. Masika hii nitaiacha ilale, na mvua zikikatika nitawaita wazee wapige jembe."

Maneno hayo yalimwingia Namkunda kuliko matusi. Kwa wazee wetu njia haikuulizwa kwa maneno, iliulizwa kwa jembe. Njia ikilala masika nzima bila kukanyagwa, udongo wake hulainika, hurudi kuwa shamba. Wazee huja, jembe likainuliwa, likapigwa pigo moja. Likizama, njia imekufa, na mwenye shamba alime. Likidunda, njia ni hai, na hakuna wa kuifunga. Na kufyeka peke yake hakusaidii. Udongo hautaki fyekeo, unataka miguu.

Namkunda hakuwa na kaburi la kukaa kando yake, maana kaburi lilikuwa ndani ya ua, ng'ambo ya masale. Hakuwa na undugu wa kudai. Alikuwa na njia tu, na hiyo ndiyo iliyotaka kuchukuliwa. Alisimama pale akamtazama Kalage, akasema, "Masika ni ndefu, shemeji. Tutaonana."

Kuanzia hapo hakungoja tena gulio. Mvua zilianza, naye akapanda. Kuni alikwenda kuokota ng'ambo, ingawa kuni zilikuwepo nyuma ya nyumba yake. Chumvi alikwenda kuinunua Mkongea. Akiwa hana cha kununua alibeba mtungi wa maji mpaka kule na kurudi nao umejaa vile vile, ili mguu ukanyage kwa uzito. Mbonea akamzuia mlangoni.

"Mama, mvua hii."

"Mvua hainijui."

"Watu wanasema unatembea na mzimu."

"Basi utembee peke yake? Hiyo si adabu. Nipishe, mwanangu."

Wanawake waliokuwa wakipalilia walimrushia maneno kutoka mashambani. "Mama Mbonea, unakwenda wapi? Huko hakuna mtu tena."

"Nasindikiza," akajibu, na hakugeuka.

Alianguka mara kadhaa, utelezi mnaujua. Goti lake la kushoto halikupona tena, ndiyo maana mlimwona akichechemea maisha yake yote. Kila alipofika kwenye masale alitua mzigo, akasimama. Kutoka pale kaburi lilionekana chini ya migomba, basi akazungumza nalo. Mkamwana ana mimba. Kuku mweupe ameliwa na kicheche. Yule fundi wa Kivundo ameoa tena, na safari hii mke ni mkubwa kuliko mama yake. Mke wa Kalage, aliyekuwa jikoni, alisikia kila kitu, na mara moja moja kicheko kilimponyoka. Kalage akamkaripia, "Unacheka nini?"

"Moshi," mkewe akasema.

Namkunda akimaliza habari aligeuka pale pale, akapanda tena. Masale hakuyagusa hata jani.

Mvua zikakatika. Kalage akawaita wazee, wakaja wakiongozwa na Mzee Kiondo, mtu wa maneno machache. Watu wakajaa uani, maana jambo la kupigia jembe njia lilikuwa halijaonekana siku nyingi. Namkunda akateremka kutoka juu na mtungi wake, akasimama upande wake wa masale. Hakukaribishwa, na hakungoja kukaribishwa.

"Kalage," Mzee Kiondo akasema, "unasema njia hii imekufa."

"Imekufa, mzee. Mwenyewe mlimzika."

"Tupige wapi?"

Kalage alikuwa na jibu tayari. Alinyoosha kidole mbele ya masale, upande wa juu, mahali palipogusana kabisa na mstari. "Pigeni hapa. Tangu nipande masale haya hakuna mguu uliovuka. Njia iliyokatwa kichwa imebaki na uhai gani?"

"Mama Mbonea, umevuka?"

"Sikuvuka, mzee. Nimelelewa."

"Basi piga mwenyewe," Mzee Kiondo akamwambia Kalage. "Shamba unasema ni lako."

Kalage akazunguka kwa pembeni, akatema mate viganjani, akainua jembe. Alikuwa mwanamume mwenye nguvu, na alipiga kama mtu anayefungua shamba jipya. Jembe lilidunda. Lilirudi juu na mikono yake, likaacha alama ndogo ardhini kama ya ukucha. Watu wakaguna. Pale alipopachagua ndipo Namkunda aliposimama kila siku ya masika ile, na mzigo wake na maji yake, akisimulia habari za kuku na harusi. Hapakuwa na mahali pagumu kuliko pale katika njia nzima. Kalage alilinda mguu unaovuka, akasahau unaosimama.

Kalage akainua jembe tena.

"Pigo ni moja," Mzee Kiondo akasema.

"Wazee, sikilizeni." Kalage alikuwa anahema. "Sawa, jembe limedunda. Lakini hii ilikuwa njia ya watu wawili, kila mtu anajua. Mmoja yule pale chini ya migomba. Mtu mmoja atadai vipi njia ya wawili? Akae na nusu yake, ya huku aniachie."

Hata baadhi ya wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana neno lilikuwa na mantiki. Mzee Kiondo akamgeukia Namkunda. "Umesikia. Unamjibuje?"

Namkunda aliweka mtungi chini. Alikuwa amelowa jasho mpaka kifuani.

"Shemeji, tulipogawana mlima hatukugawana ili kila mmoja awe na kipande. Tuligawana ili tukutane. Lingekufa lile jiwe la kukutania, kila mmoja angebaki na nusu yake. Amekufa huyu, nusu zote mbili nimezibeba mimi, na nikichoka nitambebesha mwingine. Njia ya wawili haioti nyasi kwa kifo cha mmoja. Labda mtuzike wote, na hata hapo mtangoja masika."

Kisha jikoni mke wa Kalage akacheka, na safari hii hakusingizia moshi.

Mzee Kiondo akamwambia Kalage, "Isale hupandwa mpakani, halipandwi kooni mwa njia. Ulipanda wewe, ng'oa wewe."

Kalage akayang'oa moja moja mbele ya watu. Kwa desturi anayekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale, na aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe. Kalage alichagua jani zima, akalifunga fundo, akamnyooshea Namkunda bila kumtazama usoni.

"Nimepokea, shemeji," Namkunda akasema. "Sasa nipishe."

Akapita. Akaenda mpaka chini ya migomba, akakaa kando ya kaburi na kunyoosha goti lake. Akalipiga lile tuta kofi moja dogo. "Umenichosha, wewe mwanamke. Umekufa vibaya, bila kuaga, na mlima wote umeniachia mimi." Hapo ndipo alipolia, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye si ndugu.

Binti wa Nakijwa, huyu Naelijwa mliyemwona leo, wakati huo alikuwa bibi harusi wa juzi juzi, ameolewa pale pale Mkongea. Alimletea maji ya kunywa, akachutama.

"Mama, gulio lijalo nipande mpaka wapi?"

"Mpaka jiweni," Namkunda akamwambia. "Usinipitilize, nusu ya kule ni yangu."

Wakakutana hivyo miaka yote mnayoijua na mingine msiyoijua. Walikwenda matembezi yao, wakasindikiza wasiowajua, wakapelekana kwenye harusi na kliniki na misiba. Naelijwa mwenyewe sasa ni bibi, naye akipanda huutukana mlima. Ameurithi ulimi ule. Leo makaburini kijana mmoja, bila ubaya, alimwambia, "Bibi, sasa utapumzika na mlima huu, uliyekuwa ukimfuata ndiye huyu tumemzika." Mkaona alivyomtazama. Mkasikia alivyomjibu. Njia ya wawili haioti nyasi kwa kifo cha mmoja.

Fyekeo la Namkunda limenolewa, liko nyuma ya mlango. Kesho ni gulio, na Naelijwa atakuwa jiweni akingoja.