Tumbo la R

Paukwa! Mbona mnaitikia kama mmemeza uji wa moto? Paukwa tena! Ehee, sasa mko hai.

Hapo kale, kipupwe kilipokuwa kipupwe kweli, umande uliganda nyasini ukawa mweupe pee, tukauita sakitu. Siku hizi kabaridi kidogo tu, masweta matatu! Sisi tulikimbia peku. Mwalimu Chaula hakuwa na ubao wala kalamu, basi asubuhi na mapema alitutoa uwanjani. "Burura mguu, andika!" Tukaburura, na pale mguu ulipopita nyasi ikatokeza kijani. A, tukaburura. K, tukaburura. Ukikosea, unarudia, ukirudia, unapata joto. Jamani, raha ile! Sijaiona tena.

Siku moja Mwalimu akamwagiza karani wa Mtwa, yaani mkuu wa nchi yetu: "Mwambie Mtwa, watoto wanaomba kalamu." Karani huyo, Ilomo, alikuwa na suti, kofia, na cheti kirefu kuliko yeye. Lakini ulimi wake, kama ndimi nyingi za kwetu, haukujua L ni ipi na R ni ipi. Akaandika. Akaenda akasoma: "Watoto wanaomba karamu."

Mnacheka? Sisi hatukucheka. Kesho yake Mtwa huyo uwanjani, mkuki mkononi, jua bado halijatoka.

"Njaa yote hii, nyie mnataka karamu? Nalifunga darasa. Leo hii!"

"Tuliomba kalamu, Mtwa," akasema Mwalimu.

"Si ndiyo hiyo hiyo! Karani?"

"Yes, Mtwa! Karamu! Black and white!" Kiingereza chake chote kiliishia hapo.

Mtwa hakujua kusoma. Ndipo Tusekile, binti wa miaka sita, akamvuta Mtwa shuka. Hebu fikirieni, shuka ya Mtwa!

"Babu, nikuandikie kabla jua halijaila sakitu?"

"Haya, upesi."

Akaburura K. Akaburura A. Akaburura L, A, M, U, huku meno yakigongana. Mtwa akashika karatasi ya karani. Anatazama chini, anatazama karatasi, anatazama chini, kama mtu anayelinganisha mbuzi wawili.

"Hii ya tatu ya karani mbona ina tumbo?"

"Hiyo ni R, Babu. Tumbo hilo ndilo linalotaka karamu. Yetu sisi haina tumbo."

Weee! Mtwa alicheka hadi mkuki ukamponyoka. Kisha akamgeukia karani.

"Ilomo, vua viatu."

"Mtwa, baridi hii..."

"Vua. Ingia darasani."

Basi wajukuu, cheti kikiwa mfukoni na herufi haimo kichwani, atakayekusahihisha ni mtoto. Akikusahihisha, usinune: vua viatu, uingie.

Kisa nimekitua hapa. Mwenye mgongo na akibebe.