Makovu ya Bi Siwema

Paukwa!
Pakawa!
Aliyelala?
Mwamsheni, naye asikie.

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake limesahaulika, palikuwa na bibi mmoja msuka mikeka, akiitwa Siwema. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Kilimwangusha popote. Kisimani, pu! Shambani, pu! Kwenye matanga ya watu, pu! Na kila kilipomwangusha kilimwachia alama. Paji la uso lilikuwa na kovu la jiwe, meno mawili ya mbele hayapo, mkono wa kushoto umekunjamana kwa moto toka kiganja hadi kiwiko. Watoto walipomkodolea macho, aliwaambia kwamba yeye hupigana mieleka na ardhi, na bado hajaiangusha hata mara moja.

Siku moja palikuwa na harusi, wanawake wakipika ubwabwa uani. Miongoni mwao alikuwa Mkasi, mke wa Kombo, aliyeolewa mwaka uliopita. Mkasi aliacha kukoroga, akatazama kitu ambacho hakipo, akaanguka. Pu! Mkono ukaingia mafigani.

Wapishi wakakimbia. Wapiga ngoma wakakimbia. Bwana harusi naye akakimbia. Iliaminika kwamba anayeguswa na povu la kifafa hukipata.

Bi Siwema peke yake hakukimbia. Baadaye alisema haukuwa ushujaa, yalikuwa magoti ya uzee yaliyokataa mbio. Alimvuta Mkasi motoni, akaumwagia mkono maji ya mtungini, akamlaza ubavu, akamwekea mkeka chini ya kichwa, akangoja. Visigino vikapiga ardhi, ta-ta-ta, ta-ta-ta, hadi vikatulia. Mtu mmoja, akiwa mbali, alimrushia mwiko amtie Mkasi mdomoni. Bi Siwema akauweka kando.

Kesho yake Kombo aliwaita wazee. Alisema mkewe ana mkosi, arudishwe kwao. Mkasi alikaa pembeni, mkono umefungwa jani la mgomba, uso hakuuinua. Wazee wakakohoa. Hakuna aliyemtetea.

Bi Siwema akaomba kusema. Akafungua kinywa, akawaonyesha pengo.

"Meno haya hayakuvunjwa na kifafa. Yalivunjwa na mwiko wa mtu mwenye huruma. Kifafa kilikwisha upesi, pengo limebaki, na tangu siku hiyo sikupata mchumba wala mluzi."

Wazee wakacheka. Akawaonyesha paji la uso, akaeleza kwamba alikuwa akiringa na mtungi kichwani, akaringa mpaka akafika chini. Wakacheka zaidi. Hata Kombo alicheka.

"Na huo mkono?" akauliza mzee mmoja, angali anacheka.

"Huu ulikaa motoni mpaka kifafa kilipokwisha. Nilikuwa na umri wa Mkasi, na uani tulikuwa na watu saba. Kifafa kiliniangusha tu. Mkono huu uliunguzwa na miguu ya watu saba."

Kicheko kikakatika. Mzee aliyeuliza akainamisha kichwa. Alikuwa mmoja wa wale saba.

Kombo akainuka. Kisha akamwendea mkewe, akamuuliza kama kidonda kinauma. Mkasi akasema kinauma sana. Wakarudi nyumbani pamoja. Wiki ile Kombo aliyazungushia mafiga ukuta wa udongo wa kufika kiunoni, na Mkasi hakupika tena peke yake.

Yakaja mavuno, ikapigwa ngoma. Katikati ya kucheza, Bi Siwema akaanguka. Pu! Wako waliotamani kukimbia, na baadaye walikiri. Lakini walibaki. Kombo akaisogeza ngoma, Mkasi akamlaza bibi ubavu, wengine wakangoja kimya.

Bi Siwema alipozinduka, alizitazama nyuso zote zile zilizomzunguka.

"Leo nimeangukaje?"

"Vizuri, bibi," akasema Mkasi.

"Basi nimefuzu. Nimefanya mazoezi miaka sitini."

Mwenzio akianguka, usitangulize miguu, tanguliza mkono. Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeipenda akamsimulie jirani.